Jibu kwa mtoa mada: hivyo "vingine nitaongeza baadaye" utaviongezea wapi?

Mtoa mada subiri kwanza. Umeandika mengi pale juu, unataka betri ya masaa 12, kioo Full HD, nyepesi ya kubeba kwenye daladala, chaja ya Type-C, bei isivuke laki sita, na unatuuliza na sisi tunategemea nini kwenye hizi laptop mpya za bei poa zinazokuja. Sawa. Ila mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, ule umeuandika juu juu tu kama unaaga: "itakuja na RAM 4 na GB 64, sio mbaya, vingine nitaongeza baadaye". Yaani RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4, na storeji ya kutunzia mafaili GB 64. Halafu eti umeshaacha elfu hamsini dukani wakuwekee oda. Kishika uchumba kabisa. Nimefika hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Utaviongezea wapi?

Nauliza kwa sababu hiyo sentensi yako niliitamka mimi, hivyo hivyo ilivyo, Novemba 2022, nimesimama kwenye duka moja Kariakoo na mdogo wangu wa kike pembeni, kapata chuo, anaanza mwaka wa kwanza, ukoo umechangishana, mama kauza kuku, mjomba katuma kwa simu, jumla laki sita na ishirini. Na mimi ndio mtaalamu wa familia. Utaalamu wenyewe nimeupataje? Niliwahi kumwekea baba mdogo WhatsApp. Basi, kwenye koo zetu ukishamwekea mtu mmoja WhatsApp wewe tayari ni injinia, hata friji ikigoma unaitwa.

Yule kijana wa dukani akatutolea mashine mpya kabisa, boksi lina nailoni yake, rangi ya bluu bahari, nyembamba kama sahani. Juu ya boksi pameandikwa kwa maandishi makubwa 1TB. Nikamuuliza, hii ni TB moja kwa bei hii? Akajibu hata hakupepesa, "Ndio bosi, terabaiti nzima, huyu dada atamaliza chuo haijajaa". Sasa chini ya ile 1TB kulikuwa na maandishi madogo ya ukubwa wa chawa ambayo sikuyasoma, hilo ni kosa langu nalibeba, lakini yeye alikuwa anauza hizo kila siku, anajua. Ile 1TB haikuwemo ndani ya laptop. Ilikuwa ni OneDrive, mawinguni, inakuja na ofa ya Microsoft 365 ya mwaka mmoja. Ndani ya mashine yenyewe mlikuwa na GB 64 tu za eMMC. Yaani tulimnunulia mtoto stoo iliyoko angani halafu ufunguo wake ni bando.

Na RAM 4. Nikasema, "sio mbaya, nitaongeza baadaye". Kijana akaitikia, "Kabisa bosi, unaongeza tu". Huyo kijana nikikutana naye leo hata sitamfokea, nitampa bisibisi nimwambie haya ongeza, nakuangalia.

Maana hakuna pa kuongezea. Kwa ambao hamjui, eMMC ni storeji ya aina ile ile iliyomo kwenye simu za bei ya chini, ni kichipu kidogo kimechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, hakina skrubu, hakina soketi, hakitoki. Sio kama SSD, diski ya kawaida ya siku hizi, ambayo unafungua skrubu unachomoa unaweka nyingine. Na kwa kasi hata ile eMMC ya kisasa, 5.1, njia yake inaishia MB 400 kwa sekunde kwenye makaratasi, wakati SSD ya SATA ambayo sasa hivi inaonekana ya kizee inakaribia 550, tuache hizo SSD mpya zaidi za NVMe. RAM nayo kwenye hizi mashine ni vichipu vimepangwa mstari kwenye bodi hiyo hiyo. Kwa hiyo ulivyoikuta dukani ndivyo utakavyozikwa nayo.

Wiki ya kwanza kila mtu alifurahi. Ilikuwa kwenye ile hali ya S, ambayo hairuhusu kuweka programu yoyote isipokuwa za dukani kwa Microsoft, nikaitoa (ni bure ila ukishaitoa hairudi), nikajiona kweli mimi fundi. Kumbe ukitoa Windows yenyewe, Office, na vingine vilivyokuja navyo, mtoto kabakiwa na kama GB 20 hivi. Kufikia Februari 2023 imejaa. Noti za walimu, PDF za vitabu, video mbili tatu za vipindi walivyorekodi, WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwisha.

Hapo Windows ikaanza kumsaidia. Msaada wenyewe nauogopa mpaka leo. Mafaili yake ya kwenye desktop yakapandishwa OneDrive na kwenye mashine yakabaki majina tu yenye kialama cha wingu. Siku ya presentesheni ya kundi lao, yeye ndiye amebeba slaidi, kasimama mbele ya darasa, kabofya, faili halifunguki, linataka intaneti. Bando limeisha. Darasa zima linamwangalia. Akanipigia usiku anasema "kaka, faili ninaliona kwa macho lakini halipo". Mimi na utaalamu wangu nikamwambia izime uiwashe.

Apdeti kubwa ilipokuja ikagoma, nafasi hakuna, ikamwambia achomeke flashi ipate pa kupumulia. Laptop ina miezi mitano inaomba flashi! Nikampeleka kwa fundi mmoja akaifomati kwa elfu kumi na tano, ikapumua wiki tatu, tukarudi, elfu kumi na tano nyingine. Nikasema basi tununue memori kadi ya GB 128, nikaipata elfu ishirini na tano, bei nzuri, nikajisifu. Ilikuwa feki. Imeandikwa 128, kompyuta inaonyesha 128, lakini ndani uwezo wake ni GB 8, ukizidisha hapo inayafuta ya zamani kimya kimya. Baadaye ndio nikafundishwa kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw kinaijaza kadi yote kisha kinasoma tena kuona kama kilichoandikwa bado kipo. Mjue hicho, kitawasaidia. Mimi nilikijua picha za mahafali ya mtoto zimeshageuka uji.

Novemba 2023 ofa ya mwaka mmoja ikaisha. Na hapa naomba mtoa mada unisome taratibu, maana najua na hiyo yako boksini wameandika "Office ya bure". Ikiisha, Word inafungua faili unalisoma, unaliprinti, lakini huwezi kuandika. Rafiki yake akamwekea LibreOffice ya bure, akaendelea na maisha. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba na ile 1TB ya mawinguni ilishakufa siku hiyo hiyo, imerudi kuwa GB 5 za bure, na yeye tayari ana zaidi ya hizo kule juu, kwa hiyo kuanzia siku ile hakuna faili jipya lililopanda. Kulikuwa na kialama chekundu pale chini kulia. Nani anaangalia vialama? Akaniuliza siku moja hiki chekundu ni nini, nikamwambia achana nacho.

Nimeliandika hilo na bado linaniuma.

Juni 2025, mwaka wa tatu, utafiti. Alikuwa anafanya juu ya kina mama wanaokaanga samaki pale Feri, mikopo yao, mitaji, kawahoji 84, hojaji kwa hojaji, jua la saa saba, moshi wa mafuta machoni. Kaingiza zote kwenye jedwali, kachambua, sura ya nne kamaliza, ya tano iko nusu. Supavaiza kampa wiki mbili. Asubuhi ya Jumanne kawasha laptop, skrini nyeusi, maandishi meupe, inasema haioni diski ya kuwakia. Ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, diski haipo. Sio imeharibika, haipo. Kama haijawahi kuwepo.

Nikasema hakuna shida, hii ni diski tu imekufa, tutachomoa tupeleke kwa wanaorudisha data. Bado tu nilikuwa sijajifunza kitu. Tumefika kwa fundi mwingine, huyu mzee wa kazi kweli, miwani kwenye paji la uso, akachukua elfu arobaini ya kuifungua na kuikagua, akafungua mfuniko akanigeuzia. "Kijana, nionyeshe hapa pa kuchomoa." Ndani kuna betri kubwa na kibodi kidogo cha kijani kama chapati iliyokatwa nusu. Basi. Akanionyesha kichipu, akasema hiki ndicho, kimekufa, ningeweza kukibandua kwa hewa ya moto nikuwekee kingine lakini cha ndani yake hakitarudi. Akanieleza na sababu anayoiona kwa wengi: RAM ikiwa ndogo mashine inakopa nafasi kwenye storeji, inaandika na kufuta, inaandika na kufuta, kutwa kucha, na vichipu hivi vina idadi ya kuandikwa, na vikiwa vidogo halafu vimejaa zigo lote linaangukia sehemu ile ile iliyobaki. Ile RAM niliyosema nitaongeza baadaye ndiyo iliyoila ile storeji ambayo nayo haikuongezeka. Mzee kaongea kwa upole kabisa, afadhali angenitukana.

Kilichopona? Sura ya kwanza na ya pili kwa sababu alizituma kwa imeili kwa supavaiza. Ya tatu kwa sababu alimtumia rafiki yake PDF WhatsApp amsomee. Hojaji za karatasi zilikuwa chini ya kitanda kwenye mfuko wa sandarusi, mama alikuwa anataka kuziwashia jiko wiki ile, Mungu tu. Tukakaa mimi na yeye na binamu usiku tatu tunasoma hojaji 84 kwa sauti na kuingiza upya kwenye kompyuta ya kuazima, na kurasa 35 nyingine alikuwa amebaki na nakala alizoprinti zina masahihisho ya kalamu, tukazipeleka steshenari zikachapwa upya elfu moja moja. Kawahi difensi kwa siku moja. Alikonda.

Piga hesabu sasa. Laptop 620,000, fomati mbili 30,000, kadi feki 25,000, fundi mzee 40,000, steshenari 35,000. Laki saba na nusu. Kwa kitu ambacho leo kinazuia mlango wa stoo usifungwe na upepo, na hata kazi hiyo haiiwezi vizuri, ni nyepesi mno. Si ulitaka nyepesi?

Baadaye nikamchukulia ThinkPad T480 used, zile zilizotoka maofisini Ulaya, prosesa (ubongo wa mashine) ya kizazi cha 8, laki sita na themanini. Ni nzito, nyeusi, sura ya kiaskari, kava lina mkwaruzo wa mtu alikuwa anabandika stika. Lakini ukiigeuza unaona skrubu. Ina slot mbili za RAM, ilikuja na 8 nikamwongezea 8, dakika kumi na tano, kwa mkono wangu huu huu. Nililia kidogo. Vumbi.

Sasa kuna huyu jamaa wa YouTube mtoa mada kaweka linki yake kama ushahidi. Nimeiangalia yote. Dakika kumi na mbili kafungua nailoni, kanusa, kasifia rangi, kafungua na kufunga kioo mara sita anasikilizia bawaba, kataja "thamani ya pesa yako" mara nne. Mfuniko wa chini hajaugusa. Neno eMMC limepita kwenye skrini sekunde moja kwa maandishi. Wa kwangu mwaka 2022 alikuwa hivyo hivyo, na taa yake ya duara machoni. Hawa watu wanakaa na mashine siku tatu, wewe unakaa nayo miaka mitatu. Na mdau uliyejibu hapo juu kwamba "4GB inamtosha mwanafunzi, Windows 11 yenyewe inataka 4 na 64", ndugu yangu, hicho ni kiwango cha chini cha kuwaka. Hata mgonjwa mahututi anapumua.

Mnasema msubiri matoleo mapya yatakuwa bora. Huenda. Prosesa kweli zimepanda, hizi N100 za Intel za 2023 zina kori nne na zinaiacha mbali ile Celeron N4020 ya kori mbili tuliyokuwa tunauziwa. Lakini N100 hiyo hiyo utaikuta kwenye mashine moja yenye slot ya RAM na SSD ya kuchomoa, na utaikuta kwenye nyingine kila kitu kimechomelewa, bei zinafanana, rangi zinafanana. Jina la prosesa halikwambii kitu hapo. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa duniani kwa sababu viwanda vinahudumia mitambo ya AI kwanza, sasa mtengenezaji anayetaka kubaki laki sita atapunguza wapi? Sio kwenye rangi. Mimi nahisi hizo RAM 4 tulizokuwa tunaziaga zitarudi kwa nguvu.

Haya matumaini ya laptop ya bei chee sio mapya. Wazee humu watakumbuka ile "laptop ya dola 100" ya watoto, Negroponte, yule profesa wa chuo cha MIT Marekani, aliitangaza 2005, ilivyokuja kutoka 2007 ilikuwa kama dola 188, ina RAM MB 256 na storeji GB 1, nayo ilishonwa kwenye bodi. Majirani zetu Rwanda walizichukua nyingi mashuleni. Skrini yake ilisomeka juani, hilo niwape sifa, hizi zetu ukikaa nje unajiona sura yako tu. Mwaka huo huo 2007 ikaja Eee PC ya Asus, kioo inchi 7, GB 4, nayo storeji haitoki, ila ile 701 walau ulifungua kimlango chini ukabadilisha RAM. Miaka karibu ishirini tumepanda kutoka GB 4 zisizotoka mpaka GB 64 zisizotoka.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi nategemea nini kwenye laptop mpya ya bei poa, nategemea skrubu. Mfuniko wa chini unaofunguka na diski inayochomoka. Hiyo tu. Betri ya masaa 12 baki nayo. Storeji isiyochomoka mimi sinunui, hata iwe ya nusu bei, hata iwe zawadi nitauliza kwanza. RAM ikiwa imechomelewa nitanuna lakini nitavumilia ikiwa ni 8 kuanzia siku ya kwanza, chini ya hapo hapana. Chromebook mnaosema, zile laptop za mfumo wa Google, nyingi zina eMMC pia, mfumo wake ni mwepesi kweli na Google 2023 walitangaza apdeti za miaka 10, lakini hiyo miaka inahesabiwa tangu modeli ilipotoka sio siku unayoinunua wewe, na zile used za mashule ya Ulaya nyingine bado zimefungwa na shule yake, ukiwasha inakuuliza akaunti ya mwalimu wa watu huko. Uzi wake tofauti.

Ukienda dukani usimuulize muuzaji, iulize mashine. Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory, angalia mstari wa Form factor. Ikiandika SODIMM kuna slot. Ikiandika "Row of chips" ujue ndio vile vichipu vya mstari, na kama ni chini ya 8 weka chini sema asante. Kwenye storeji tafuta kwenye karatasi ya sifa neno M.2 au SATA. Ukiona eMMC au UFS, ndugu yake asiyetoka, ondoka. Ukiona 1TB kwa bei ya laki sita mpya, uliza iko ndani au iko angani. Wakikataa kuiwasha eti wataharibu nailoni, basi na nailoni yao.

Mtoa mada hujaandika modeli kamili, umeandika tu "ile mpya ya bluu". Bluu tena jamani! Geuza ile risiti ya oda, kuna namba ya modeli ndefu yenye herufi na tarakimu, iweke hapa usiku huu nikuangalizie kama kuna mtu ameshaifungua mtandaoni. Na ile elfu hamsini kama watakataa kuirudisha waambie wakupe mausi na flashi ya kweli, uipime kwanza na H2testw hapo hapo kaunta, mimi nitakaa online mpaka saa sita.